Mlango wa Sponji

6 Aprili

Kaka Fundi,

Habari za huko ndani? Mimi mzima, ila mikono imechubuka kwa sabuni. Huku kwenye chumba cha kufulia cha hospitali mashine hazizimwi, na sisi tunaozilisha mashuka ni hivyo hivyo.

Dereva wa sabuni amenipa habari yako nikacheka hadi msimamizi akanitolea macho. Ati umeiosha simu yenu ya pekee? Kwa ndoo na sabuni ya unga? Kaka, watu wameambiwa wanawe mikono, wewe unainawisha simu! Na maduka ya simu yote yamefungwa, basi turudi kwenye kalamu kama enzi za shule ya bweni. Dereva anakaa mtaa wenu na kila wiki mbili analeta mzigo huku. Atakupitishia barua chini ya mlango, nawe usimchoshe, mpe majibu mapema.

Alisema na jingine, na hilo halikunichekesha. Kwamba tangu mji ufungwe hujakanyaga hata barazani. Hulali. Unakaa nyuma ya mlango ukisikiliza wapita njia wakikohoa, na moyo unakwenda mbio mpaka unamwamsha mke wako umuage. Kaka, hiyo ni hofu. Haiui, ila inajua sana kuigiza. Sisi hapa wametuletea mshauri, mama mmoja mpole anayeongea kama anabembeleza mtoto. Anasema vuta pumzi polepole, itoe polepole zaidi. Habari za ugonjwa sikiliza mara moja kwa siku, basi. Tafuta mtu wa kuzungumza naye. Na kubwa kuliko yote, ipe mikono kazi, kichwa kitatulia chenyewe. Hilo la mwisho wewe hufundishwi.

Na kazi ipo. Wifi yangu ana miezi sita. Ulimwahidi kigodoro cha mtoto, sponji nzuri na kitambaa laini. Anza hicho. Na kliniki asiache kwenda, ziko wazi.

Lisalimie tumbo. Liambie shangazi yake anaongea sana.

Mdogo wako,
Chiriku


19 Aprili

Chiriku,

Salamu zimefika, na tumbo limesalimiwa. Limejibu kwa teke. Wifi yako anasema limekujibu wewe, si mimi.

Ile simu ilikuwa chafu. Tuyaache.

Nimefanya ulivyosema. Pumzi navuta, ingawa nikivuta sana naanza kufikiria ninachokivuta. Lakini hili la mikono ni kweli tupu. Kabla hawajafunga mji nilikuwa nimehamishia nyumbani sponji yote ya karakana, gundi na ngozi bandia ile ya hudhurungi iliyokuwa ya makochi ya hoteli. Vyote vimejaa chumbani, wifi yako anapita kiupandeupande na tumbo lake. Juzi nikakata kipande cha kigodoro, nikakiweka juu ya kabati kingoje kitambaa. Nilipomaliza kukata nikaona moyo umetulia. Sikuamini. Nikatafuta kingine cha kufanya kabla haujaanza tena.

Chini ya mlango palikuwa na uwazi wa vidole viwili, upepo wa barazani unaingia na kila kitu chake. Nimepaziba kwa utepe wa sponji, nikaacha upenyo wa barua. Usiku ule nililala mpaka asubuhi.

Mwambie mama mshauri asante. Dereva anasema dirisha la chumba chako cha kupanga halijafunguliwa tangu mwezi uliopita. Unalala wapi?

Kaka yako


4 Mei

Kaka,

Umelala mpaka asubuhi! Nimemwambia mama mshauri, akapiga makofi. Sasa wewe ni mfano, anakutaja kwenye mazungumzo yake: "Kuna fundi mmoja wa makochi." Usivimbe kichwa.

Huku tuko vilevile. Mvuke, kelele, mashuka. Mwenzangu wa pasi hayupo tena, kwa hiyo sasa nafua na kupiga pasi. Hayo si ya kuandika.

Kliniki walisemaje? Hujaniambia. Nimefikiria jambo moja. Usiku kuna amri ya kutotoka, na huna simu. Uchungu ukimshika wifi saa mbaya mtamwita nani? Jirani yenu msusi, yule aliyekuwa akimsuka wifi, si mmepakana ukuta? Na mumewe si ana gari? Basi wakubaliane. Wifi akigonga ukuta mara tatu, msusi anakuja mbio, mume anawasha gari. Haigharimu kitu. Wajaribu hata leo.

Na kigodoro? Kipande kukaa juu ya kabati si kigodoro. Kivalishe kitambaa.

Chiriku


21 Mei

Chiriku,

Habari za kazi? Sisi tupo. Mama mdogo alituma salamu kupitia mwenye duka, anasema tumuombee magoti yake.

Wamejaribu huo ukuta. Mke wangu akagonga mara tatu, msusi akaja na taulo na beseni, hana hata viatu, na mumewe akapiga honi huko nje. Tulicheka wote watatu, mimi nikiwa huku ndani na wao mlangoni. Kwa hiyo hilo limekwisha, ulale kwa amani, popote unapolala. Maana hukunijibu.

Nikuambie kazi niliyofanya? Utepe wa chini uliponipendeza nikaona pembeni nako panapitisha hewa. Nikaziba pembeni. Halafu ukiutazama mlango unaona sponji kwenye kingo tu, katikati ubao mtupu, inaudhi jicho. Nikauvalisha wote. Sponji nene, juu yake ngozi, vifungo kwa mpangilio wa almasi kama mgongo wa kochi la bwana mkubwa. Baba angekuja na koleo lake, akavuta ngozi kwenye kona kama alivyokuwa akikagua kazi zetu, na angeshindwa kuitoa. Ukiufunga husikii kitu. Hatua za watu, kikohozi, mbwa, hakuna. Nimeweka sikio hapo nikasikia damu yangu mwenyewe tu.

Wifi yako mzima. Anakula.

Mwenzako wa pasi amekwenda wapi?

Kaka yako


5 Juni

Kaka,

Salamu kwa wote wawili na nusu.

Nimekutajia kliniki mara mbili, unanijibu vifungo vya almasi. Najua mlango ni mzuri. Mimi nauliza habari za mtu. Amepimwa presha? Mtoto amekaaje? Mwezi ujao anajifungua, Kaka, si mwaka ujao. Kama huwezi kutoka wewe, si lazima utoke. Aende yeye na msusi. Hospitali ya huko kwenu uzazi uko jengo la peke yake, wala hawachanganyiki na wagonjwa wengine. Mwache aende.

Ya huku usiniulize. Si kwamba nakuficha. Nikikuandikia ninachokiona kwenye mashuka haya hutalala tena, na mimi nataka ulale. Mwenzangu wa pasi alikuwa na miaka ishirini na sita. Basi, hilo limeshaniponyoka, usinitoe na jingine.

Kitambaa cha kigodoro kiwe cha pamba. Ngozi bandia itamtoa mtoto harara.

Chiriku


14 Juni

Mdogo wangu,

Pole na mwenzako. Ishirini na sita. Niliisoma hiyo nikakaa chini.

Kliniki tumeona tusiende kwanza. Uliposema jengo la peke yake nikafikiria ngazi, korido, mlango mmoja wa kuingilia, vitasa. Anayelalia mashuka unayofua naye aliingia mlango kama huo huo. Hata wewe hutaki kusema. Kama wewe, Chiriku, umenyamaza, basi huko kuna nini?

Nimepata habari mbaya, nikaishughulikia. Mume wa msusi anakohoa. Usiku kucha, na kikohozi kinatoka ukutani kabisa, hapo tunapoweka kichwa. Moyo ulianza tena, mikono ikawa baridi, nikajua nisipofanya kitu nitaanguka. Nikauvalisha ukuta. Sponji yote iliyobaki imekwenda, kuanzia sakafuni hadi darini. Kimya, Chiriku! Hatumsikii kabisa. Mlango nao nimeufunga moja kwa moja, msumari kwenye fremu mistari miwili, na ule upenyo wa chini nimeuziba. Vitu vya dukani vinapita dirishani kila Jumamosi, pale nimetengeneza kifuniko cha kutoa na kurudisha. Kwenye kifuniko hicho sponji ilipungua, nikatumia kile kipande cha juu ya kabati. Kimeenea sawasawa. Cha mtoto nitakata kingine maduka yakifunguliwa. Barua ijayo, dereva agonge dirishani.

Dawa yako ya mikono ni kiboko. Tangu nimalize, moyo haujanisumbua.

Wifi yako ameacha kuongea na mimi. Nadhani ni uchovu wa miezi hii ya mwisho.

Kaka yako


18 Juni

Kaka,

Leo sisalimii. Nimesoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena, nikaomba ruhusa nikaandike.

Kama wewe humsikii msusi, msusi naye hamsikii wifi. Umenielewa? Ukuta ule ndio uliokuwa simu yenu. Umeunawisha na wenyewe.

Toa sponji. Siyo yote, najua huwezi yote. Toa upande wa kitanda tu, pale anapoweza kufika kwa mkono akiwa amelala. Na mlango utoe misumari leo, sasa hivi, kabla hujamaliza barua hii. Hofu ikija iache ije. Kaa nayo. Itapanda, itafika juu, itashuka. Haijawahi kumuua mtu, mimi nimeiona ikija na kuondoka kwa watu wazima wanaolia sakafuni. Lakini uzazi unaua, Kaka. Uzazi wa mtu aliyefungiwa unaua.

Muulize wifi kama ni uchovu. Muulize ukimtazama usoni.

Dereva wetu amewekwa karantini. Barua hii inakuja na mwenzake, mgeni wa mtaa wenu. Nimemwelekeza dirishani mara nne. Jibu kwa mkono wake huyo huyo.

Chiriku


28 Juni

Kaka,

Mgeni alirudi mikono mitupu. Anasema barua amefikisha. Hakuitikiwa na mtu, lakini taa ya barazani inawaka.

Basi nikujibu ulilouliza tangu Aprili, labda nawe utanijibu langu. Nalala stoo ya mashuka. Tangu Machi. Mwanzoni nilisema ni kwa sababu ya zamu, halafu nikasema sitaki kumpelekea mwenye nyumba ugonjwa. Ukweli ni kwamba siwezi kufika getini. Nikikaribia, miguu inakataa, naona weusi, narudi. Mimi ninayekuambia vuta pumzi. Kila ninalokufundisha nimelijaribu humu juu ya marobota, na mengine hayajanisaidia. Niliona aibu kukuambia. Wewe ndiye uliyekuwa ukinishika mkono kuvuka barabara.

Nimeomba kibali cha kusafiri. Wakinipa, nitalivuka hilo geti hata kwa kutambaa, nije niung'oe huo mlango mwenyewe. Wewe ung'oe kabla sijafika. Nifike nikute wazi, unicheke.

Chiriku wako


2 Agosti

Chiriku, mdogo wangu,

Mke wangu yuko hai. Nimeliandika hilo kwanza. Sasa kaa chini.

Barua zako mbili za mwisho nimezisoma juzi tu. Yule mgeni alizisukuma chini ya mlango, zikapita ubao, zikakwama kwenye sponji. Nilizikuta nilipokuwa nang'oa, moja juu ya nyingine. Nikaziweka kando kwa sababu sikuwa na muda wa kusoma.

Ilikuwa wiki ya kwanza ya Julai, asubuhi, siku ya kazi. Uchungu ulimshika akiwa anakunja nguo. Akasema, "Fungua mlango." Nikamwambia tulia kwanza, vuta pumzi polepole, itoe polepole zaidi. Akanitazama. Akasema, "Mimi sihitaji pumzi, nahitaji mlango." Na mimi nikaketi kitandani nikashika magoti. Niliiona hospitali yako yote, Chiriku. Hukuwahi kuniambia kilichomo, nikawa nimeijaza mwenyewe miezi mitatu, na asubuhi ile yote ilikuja mara moja. Mikono ikawa baridi. Nilitaka kuinuka, mwili haukuinuka.

Akagonga ukuta mara tatu walivyokubaliana. Halafu kwa ngumi. Halafu akachukua nyundo yangu. Nilikuwa nikiitazama nyundo inazama kwenye sponji na kurudi, bila mlio wowote. Akatoa kifuniko cha dirisha akaita. Dirisha letu unalijua, linatazama ukuta wa ghala, na ghala limefungwa tangu Machi.

Alipoanguka ndipo nikainuka. Usiniulize kwa nini hapo na si kabla, mimi mwenyewe najiuliza.

Nikashika koleo, nikavuta ngozi kwenye kona. Haikutoka. Nikavuta tena. Gundi ilikuwa imekamata, na misumari ilikuwa mistari miwili, umbali wa kucha kati ya mmoja na mwingine, kama tulivyofundishwa. Nikachana kwa mkasi, nikang'oa sponji kwa vidole, nikarudi kwenye misumari, mmoja mmoja. Baba angefurahi. Nililia nikiifanya, na bado ile kazi haikuharakishwa na machozi. Mlango ulipofunguka jua lilikuwa utosini.

Msusi alikuwa amekaa kibarazani kwake anamenya viazi. Alikuja anakimbia na kisu mkononi. "Mbona hamkuita?" akaniuliza. "Nipo hapa tangu asubuhi. Mbona hamkuita?"

Alikuwa msichana. Kitovu kilikuwa kimemzunguka shingoni. Msusi alimfungua, akampapasa mgongo, akampulizia, akampulizia tena. Hakulia. Mumewe, yule wa kikohozi, ndiye aliyembeba mke wangu hadi kwenye gari. Ni pumu. Anayo tangu utotoni, na mtaa mzima ulikuwa unajua isipokuwa mimi. Wodini nesi alituambia mama angefika asubuhi wangemtoa mtoto salama.

Mke wangu sasa yuko kwa mama yake. Hakunitukana. Siku anaondoka alisimama pale mlangoni, akasema, "Wakati nagonga ule ukuta, nilikuwa nakuita na wewe."

Mlango nimeutoa kwenye bawaba, umeegemea ukuta wa nje. Nalala hivyo hivyo. Watu wanapita wanakohoa, nawasikia wote. Moyo ukitaka kwenda mbio unakwenda, siushughulikii. Asubuhi natembea hadi mwanzo wa mtaa wa mama mkwe na kurudi. Bado sijafika kwake.

Wewe toka stoo. Usingoje miguu ikubali, na kibali kikichelewa, geti la hospitali halihitaji kibali. Toka ukakae nje yake tu, urudi. Nimekuomba.

Umenikumbusha kigodoro tangu Aprili na sikukujibu sawasawa. Seremala alileta sanduku jioni ile ile, dogo, mbao tupu ndani, bado zina vumbi la msumeno. Sikuweza kumlaza mtoto hapo. Nikakitoa kile kipande cha dirishani, kile nilichomkatia mwezi wa nne. Niliogopa kitazidi. Kilienea pande zote bila kupunguzwa. Nikakivalisha pamba nyeupe kama ulivyosema, nikashona kwa uzi tu. Sikutia gundi wala msumari.

Kigodoro nimekimaliza, Chiriku.

Kaka yako